Kalamu Zetu na Tabia za Watoto



Kila shule zifungwapo mwisho wa mwaka, huletwa nyumbani karatasi moja ambayo wazazi wengi huisoma nusu. Nusu ya juu ina masomo na alama zake, na kwa ajili ya hizo mtoto husifiwa au hukaripiwa. Nusu ya chini, katika shule zetu za sekondari, ina maneno kama bidii ya kazi, utii, heshima, usafi, ushirikiano na uaminifu, na mbele ya kila neno pana herufi moja. Herufi hizo hapana azihojiye. Mzazi hakumbuki kuuliza zimepatikana kwa kipimo gani. Na mwalimu aliyeziandika, akiulizwa, huenda akakosa jibu, maana aliandika za watoto themanini katika usiku mmoja, na kesho yake shule ikafungwa.

Twasema haya bila kumcheka mtu, kwa kuwa kalamu hizo ni zetu. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa walio wengi miongoni mwetu ni walimu, na waliosalia ni waganga, wauguzi, makarani, mabwana shamba, watendaji wa vijiji, na wachache mno wa ustawi wa jamii. Ni shida kumpata mmoja wetu asiyeandika habari za mtoto mahali fulani: katika daftari la mahudhurio, katika kitabu cha adhabu, katika kadi ya kliniki, katika barua ya uhamisho. Tukiandika leo neno "mkaidi", mtoto huhama nalo shule, hulikuta tena darasa la saba, na pengine hulikuta kituo cha polisi.

Nasi twaona kwamba katika kazi hii tumekosea jambo moja kwa muda mrefu. Twawapima watoto kwa usumbufu wanaotupa sisi, wala si kwa taabu waliyo nayo wao. Apigaye kelele tumemwandika, anyamazaye tumemsifu, na huenda wote wawili hatukuwajua. Yatupasa kueleza kwa habari za watoto wawili. Majina na shule tumevificha kwa makusudi, maana watoto hao sasa ni watu wazima na hawakutupa ruhusa ya kuwataja.

Wa kwanza alikuwa mvulana wa darasa la tatu katika shule ya msingi upande wa Kyerwa. Akiitwa haitiki. Akitumwa chaki huleta kuni, na wenziwe wakiangua kicheko huwarukia na kuwapiga. Mwalimu wake alikuwa mtu mwema, mwenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja (maana tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wameongezeka kuliko madawati). Alimwona kuwa ana dharau, akamhamishia nyuma kabisa ya darasa ili asiwasumbue wengine. Huko nyuma dharau ikazidi. Katika muhula mmoja jina lake lilimo mara tisa ndani ya kitabu cha adhabu, na sababu zimeandikwa kwa neno moja moja: ukaidi, ugomvi, ukaidi, uvivu, ugomvi.

Siku moja akaja muuguzi kugawa dawa za minyoo. Alipomwinamia yule mtoto ili amnyweshe, alisikia harufu mbaya itokayo sikioni. Ilikuwa usaha. Alipelekwa hospitali, na huko ikaonekana kwamba ngoma za masikio yote mawili zimetoboka, na ugonjwa wenyewe ni wa miaka. Mtoto yule alikuwa hamsikii ila mtu aliyesimama karibu naye, tena mbele yake. Nasi tulikuwa tumempeleka nyuma. Bibi yake alipoulizwa alisema kwamba nyumbani humgusa bega kila atakapo kumtuma, na kwamba hana neno, ni mtoto msikivu. Alisema "msikivu", nasi hatukujua tucheke au tulie. Bibi huyo alikaa mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, na katika miaka mitatu hakuna mtu wa shule aliyekwenda kumwuliza.

Hatutasema kwamba baada ya dawa mtoto akawa malaika. Alikaa mbele, akaanza kusoma, lakini ugomvi alikuwa amekwisha kujifunza, na ulichukua mwaka na zaidi kumtoka. Ugonjwa ulikuwa wa masikio. Ugomvi tulimfundisha sisi.

Wa pili alikuwa msichana wa sekondari, upande wa Karagwe, na huyu kumweleza ni vigumu zaidi, kwa sababu mmoja wetu anayeandika maneno haya ndiye aliyemwandikia karatasi yake. Mama yake alikuwa amefariki, naye akaishi kwa baba yake mdogo. Utii, A. Heshima, A. Usafi, A. Hakuuliza swali darasani, hakuchelewa, hakubishana na mtu. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake kwenye ngazi za darasa. Tulipowakaripia wenziwe tulimwonyesha kwa kidole tukasema, "Mwigeni huyu." Kidato cha pili, muhula wa pili, akakosa kuja siku tatu, kisha wiki, kisha akatoweka. Katika daftari akaandikwa "mtoro". Tazameni, ndugu: mkono ule ule uliompa A ya utii ndio uliomwita mtoro, na kati ya maneno hayo mawili hapana swali hata moja lililoulizwa.

Baada ya miezi akaonekana Omurushaka, akiosha vyombo kwa mama lishe mmoja. Mwalimu wa kike alikwenda kuzungumza naye. Mambo aliyoyaeleza ya nyumba ile hatutayaandika hapa. Lakini alipoulizwa kwa nini hakuwaambia walimu, alijibu kwamba alidhani wanajua. Alikuwa ameacha kula mchana, ameacha kuzungumza, amekonda, na kila siku walimu kumi na wanne walimpita. Aliona ni hakika wanajua na wameamua kunyamaza.

Hao ndio wawili. Sasa mtu aweza kusema kwamba haya ni makosa ya shule mbili tu, na mkoa wetu wajua watoto wake. Kwa kweli mkoa huu umewapima watoto kuliko mikoa mingi ya Tanzania. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi yetu walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka iliyofuata vifo vya wazazi vilijaza vibanja watoto wasio na watu. Ndipo wachunguzi wakaja, na kati ya mwaka 1991 na 1994 wakazitembelea kaya zaidi ya 900 mkoa mzima, Karagwe ikiwamo (Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe; iligawanywa mwaka 2012). Wakarudi kuwatafuta watu wale wale mwaka 2004, na tena 2010. Katika mambo waliyoyaona ni kwamba mtoto aliyefiwa na mama yake, hata akikua, alipungukiwa na kimo kwa kiasi cha sentimita 2, na elimu yake ilipungua kwa mwaka mmoja hivi. Hii ni kazi kubwa, nasi twaiheshimu. Walakini kimo hupimwa kwa futi, na miaka ya shule huhesabiwa kwa vidole. Mtoto aliyesoma miaka yake yote huku akiwa hazungumzi na mtu hakuonekana amepungua.

Wako waliouona upungufu huo. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, palianzishwa katika miaka ya tisini kazi iliyoitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Walioianzisha walikuwa wameona kwamba yatima hupewa blanketi, sabuni na daftari, lakini hapana amwulizaye juu ya mama yake. Wakaandika mwongozo wa kuwafundisha walimu kuitambua huzuni ya mtoto na kuzungumza naye. Na mwaka 2000 yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakitunzana wao kwa wao. Kutokana na kazi hiyo, pamoja na nyingine ya namna yake huko Zimbabwe, likazaliwa mwaka 2002 shirika la REPSSI, ambalo limefanya kazi katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Basi elimu ya kumtazama mtoto mnyamavu ilitoka jirani yetu, mwendo wa siku moja kwa gari, ikasafiri hadi nchi za mbali. Lakini katika shule nyingi za Karagwe na Kyerwa bado hatujaiona ikibisha hodi.

Wala Ukimwi si jambo pekee. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Karagwe kwa maelfu, na watoto wa vijiji vile waliona yale yaliyoonekana. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na mtoto wa darasa la pili aliamka akakuta rafiki yake wa dawati moja hayupo, wala hakuna aliyemweleza. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka mkoani, nyumba na shule zikaanguka, na watu wakafa. Tumesahau upesi. Hatukumbuki kwamba mtoto aliyekataa kuingia darasani wiki ile hakuwa mtoro.

Wataalamu wa nchi nyingine wamelihangaikia jambo hili miaka mingi, na yafaa tujue walifikia wapi. Mwaka 1987 Thomas Achenbach wa Marekani na wenzake walikusanya pamoja uchunguzi 119, ili waone kama watu wamjuao mtoto mmoja husema mamoja juu ya tabia yake. Waliona kwamba watu wa mahali pamoja, kama baba na mama, hukubaliana kwa kiasi kizuri. Lakini mzazi na mwalimu hukubaliana kidogo tu, na mtoto mwenyewe akiulizwa hukubaliana nao kidogo zaidi. Mtu wa haraka atasema kwamba basi mmoja wao ni mwongo. Sivyo. Mtoto wa nyumbani si yule wa darasani, na wa darasani si yule wa njiani akichota maji. Bibi yule wa Kyerwa alisema kweli, na mwalimu naye alisema aliloliona. Aliyekosa ni yule aliyeandika baada ya kusikia upande mmoja.

Kwa sababu hiyo vipimo vizuri huwauliza watu zaidi ya mmoja. Mwaka 1990 Frank Gresham na Stephen Elliott, nao wa Marekani, walitoa kipimo cha uwezo wa mtoto kuishi na wenziwe, kikiulizwa kwa mzazi, kwa mwalimu na kwa mtoto. Walitazama kama aweza kushirikiana, kujisemea, kuchukua dhamana, kumhurumia mwenziwe na kuizuia hasira yake. Mwaka 1997 Robert Goodman wa London alitoa karatasi yake ya maneno 25, ambayo imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili. Maneno hayo yamegawanywa mafungu matano: huzuni na hofu, utundu na ugomvi, kutotulia, taabu na wenziwe, na la tano ni wema kwa wengine. Kila neno hujibiwa si kweli, ni kweli kidogo, au ni kweli kabisa, na kupewa 0, 1 au 2. Mafungu manne ya taabu hujumlishwa, na jumla yaweza kufika 40. Lile la wema huhesabiwa peke yake. Tazameni jinsi huzuni ilivyopewa nafasi sawa na ugomvi. Katika karatasi zetu za shule huzuni haina mstari.

Najua atatokea mwenzetu aseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na watoto wetu ni wengine. Neno lake lina kweli ndani yake, nasi hatutalipuuza. Katika maneno ya Goodman, mtoto apatanaye na wakubwa kuliko watoto wenziwe huhesabiwa kuwa ana taabu. Lakini kwetu mtoto aliyelelewa na bibi, aliyekua akimenya naye ndizi na kuchagua naye maharage, hupatana na wazee kwa sababu hao ndio watu alionao, na kijiji humsifu kwa hilo. Kadhalika, wenye vipimo huko Marekani hupenda mtoto amtazame usoni anayezungumza naye. Mtoto wa Kinyambo aliyelelewa vema huinamisha macho mbele ya mkubwa, na msichana hupiga magoti akisalimu. Tukimpima kwa macho tu, tutamwandika kuwa ana hofu, kumbe ana adabu. Na huko kujisemea ni sifa, ambako hapa mtoto akimwambia mwalimu kwamba hakukubali, jina lake ni mjeuri kabla hajamaliza sentensi.

Tena iko lugha. Mtoto wengi wetu tunamwona kwa mara ya kwanza darasa la kwanza, naye ametoka nyumbani na Kinyambo chake. Anaulizwa kwa Kiswahili, anakaa kimya, anaandikwa mzito. Akifika sekondari huanza kimya cha pili, cha Kiingereza. Bibi yake naye akisomewa karatasi ya maswali kwa Kiswahili cha Dar es Salaam hujibu ndiyo kwa kila jambo, kwa heshima ya mgeni. Atakaye kujua habari za mtoto wa Mabira au wa Kaisho hana budi kuuliza kwa lugha ya nyumba ile, tena akae, asiulize akiwa amesimama na pikipiki inanguruma.

Hata hivyo haya si hoja ya kukitupa kipimo. Mkulima wa kahawa hakatai mizani. Hukataa mizani isiyokaguliwa. Mipaka ya alama za Goodman ilikadiriwa kwanza kwa watoto wa Uingereza, na haifai kuitwaa na kumhukumu nayo mtoto wa Murongo. Lakini kwa kutukumbusha maswali tusiyouliza, karatasi ile yatufaa sana. Ana rafiki hata mmoja? Huumwa tumbo au kichwa mara kwa mara bila sababu kujulikana? Huwa mwema kwa walio wadogo kuliko yeye? Kama yule msichana wa A nyingi angaliulizwa mambo haya matatu, hata na mwalimu mvivu, jibu lingalijulikana kabla ya muhula wa pili.

Sasa tuje kwenye fimbo, ijapokuwa twajua itatuletea barua za hasira. Kanuni za Serikali za mwaka 2002 zasema kwamba viboko havizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Kila mmoja wetu ajua jinsi kanuni hizo zinavyofuatwa. Katika uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walisema walipigwa kwa namna ya kuumizwa kabla hawajatimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi wa Agosti 2018, katika shule moja ya msingi ya Bukoba mjini, mtoto wa darasa la tano aliyetuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu alikufa baada ya kuchapwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu hatiani kwa kuua.

Hatulitaji jambo hilo ili tuwaaibishe wenzetu. Twalitaja kwa sababu lilianza kama yanavyoanza yote: mtu mzima alikata shauri juu ya tabia ya mtoto kwa dakika chache, peke yake, akiwa na hasira. Fimbo huja mwisho. Mwanzo ni lile jina, na jina likishakuwapo kila mtu hulitumia. Hata watoto wenyewe humwita mwenzao mwizi kwa sababu walimsikia mwalimu.

Na majumbani mwetu je? Hapa tusijifiche. Mtumishi huhamishwa kutoka Ngara kuja Nkwenda katikati ya muhula, na chama chetu huandika barua za nauli, za mizigo na za posho, na kuzifuatilia kwa bidii iliyo njema. Hatujaona barua moja iliyoandikwa juu ya mtoto wa mtumishi huyo, ambaye amebadili shule mara tatu kabla ya darasa la nne, na kila mahali huanza upya kutafuta mtu wa kucheza naye. Baba hutoka alfajiri, mama yuko zamu hospitalini, na shahidi wa pekee wa tabia ya mtoto ni dada wa kazi, mwenye miaka kumi na sita, ambaye naye hapana amwulizaye hali yake. Kisha mtoto aitwapo ofisini kwa ugomvi twashangaa, twasema, "Mbona nyumbani ni mpole?" Nyumbani tunakaa naye saa ngapi?

Basi tungependa nini kifanyike? La kwanza, na hili halihitaji fedha wala waraka kutoka Dodoma: mtoto asiandikwe mkaidi wala mvivu kabla masikio na macho yake hayajatazamwa. Mwalimu ni mwanachama wetu, muuguzi wa zahanati ni mwanachama wetu, nao hukutana kila mwezi katika mkutano wa tawi wakazungumza juu ya mikopo. Wazungumze pia juu ya majina.

La pili, kitabuni tuandike tendo, tusiandike mtu. "Tarehe fulani alimpiga mwenziwe baada ya kuchekwa" ni habari. Mwingine aisomaye aweza kuuliza kwa nini alichekwa. "Mgomvi" ni hukumu, na hukumu haiulizwi. Na tuyaandike mema vilevile. Yule mvulana aliyeziba masikio alikuwa hodari wa kukamata senene. Usiku wa msimu wake ndiye aliyewagawia wadogo kabla hajajitwalia, na hili walilijua watoto wote wa kijiji isipokuwa walimu. Mtu akitaka kujua kama mtoto aweza kuishi na wenziwe, na amtazame kisimani, kwenye mpira wa matambara na penye senene, ambako hapana mkubwa wa kumwogopa. Darasani huonekana kama anaweza kuishi na mwalimu tu.

Herufi za tabia, kama hazina budi kuandikwa, zisiandikwe na mkono mmoja. Waketi walimu wawili au watatu wamjuao mtoto, na mzazi au mlezi aulizwe kabla, wala asiletewe habari baadaye. Wahaya jirani zetu husema, Omwana taba womoi, mtoto si wa mtu mmoja; lakini tumelifanya neno hilo kuwa ruhusa ya kila mtu kumchapa, tukasahau kwamba ni wajibu wa kila mtu kumjua.

Liko moja ambalo twalisema kwa uzito zaidi, maana twaona hatari yake yaja. Vipimo hivi vikianza kupendwa, patatokea bidii ya kuvijaza kwa shule nzima kwa siku mbili, takwimu zipelekwe wilayani, na watoto kadhaa wapate alama kubwa, kisha basi. Kumpima mtoto na kumwacha ni vibaya kuliko kutompima, maana sasa ana jina jipya la kitaalamu, wala hana wa kumsaidia. Halmashauri zetu mbili zina kata nyingi na maafisa wa ustawi wa jamii wachache. Afisa mmoja hushika kata kadhaa, hana chombo cha kusafiria, na siku zake nyingi huliwa na kesi za mirathi na matunzo. Chama kikidai nyumba za walimu, na kidai watu hawa pia, na madawati ya polisi ya jinsia na watoto yapate mahali ambapo mtoto aweza kusema bila kusikiwa na foleni.

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatiza masomo warudi shuleni, hata wasichana waliozaa. Yule wa Omurushaka alikuwa amekwisha kuvuka umri wake, hakurudi. Lakini wengine watarudi, na daftari la zamani litawapokea mlangoni. Wakuu wa shule wanaweza kuamua, bila kumwuliza mtu, kwamba mtoto arudiye huandikwa katika ukurasa mpya.

Matawi ya Karagwe na Kyerwa yatakapokutana kwa pamoja Kayanga, twaomba jambo hili liwekwe mwanzoni mwa mazungumzo, kabla ya posho, maana baada ya posho watu huondoka. Kila mwalimu na aje na kitabu cha adhabu cha muhula uliopita. Tutahesabu majina yaliyorudiwa zaidi ya mara tatu, na wauguzi watakaokuwapo watayachukua na kuanza na masikio. Kisha kila mwalimu atutajie mtoto mmoja wa darasa lake ambaye jina lake halimo kitabuni hata mara moja, na atueleze huyo hucheza na nani.